Maji Kwanza, Presha Baadaye: Bi. Harue na Injini za Pembetatu

Saa kumi na moja alfajiri, gari linaondoka bila kuwashwa.

Mio Kajitani ameingiza mkono dirishani na kushika usukani, bega limeegemea mlango. Nyuma yake Bi. Harue Mukaida anasukuma kwa viganja viwili, kofia ya kazi ameigeuzia kisogoni. Ni gari la michezo la rangi ya haradali, fupi kiasi kwamba paa lake linamfikia Bi. Harue kifuani. Kichochoro hiki cha mlimani, mjini Kure, kina mteremko mzuri, na gari linateleza kimya mbele ya madirisha ya watu waliolala.

"Shangazi, taratibu. Kwa Bibi Tao kuna mbwa," ananong'ona Mio, ambaye humwita hivyo kwa heshima tu.

"Mbwa ana adabu kuliko gari lako. Sukuma."

Chini kabisa, penye mashine ya kuuza vinywaji, Mio anaruka ndani na kuwasha. Sauti inayotoka si ya injini mnayoijua. Haigongi, inavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Ndiyo maana kila siku analisukuma mpaka hapa: mtaani kwao, kelele za alfajiri ni deni ambalo jirani hadai ila hasahau.

Safari ya leo ni kuvuka milima hadi Hamada, kulala huko na kurudi kesho. Kwa Mio huu ni mtihani, na kitakachoamuliwa ni kama gari litabaki kuwa lake.

Mio ana miaka thelathini na mmoja, anaendesha winchi kubwa kwenye karakana ya meli. Gari alilinunua mwanzoni mwa kiangazi. Lina turbo mbili, zile feni za kuisukumia injini hewa, na injini ya rotari, ile isiyo na pistoni: ndani yake kuna pembetatu mbili za chuma zenye mashavu yaliyovimba, kila moja ikizunguka kwenye chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Wiki ileile alifika gereji ya Bi. Harue kule Yakeyama akiwa na swali moja.

"Nikiongeza presha ya turbo, itapata nguvu ya farasi wangapi?"

Bi. Harue hakujibu. Alifungua plagi, akazungusha injini kwa staata na kumwambia asikilize.

"Kila pembetatu ina nyuso tatu," anaeleza leo Bi. Harue, akiwa amekaa kiti cha abiria na mkebe wa chai mapajani. "Kwa hiyo injini nzima hupumua tatu-tatu. Pff, pff, pff. Zikiwa sawa, umenunua injini. Moja ikikosekana, umenunua pambo la uani. Mgeni wa rotari asinunue hata skrubu kabla ya kusikia hizo tatu."

Siku ile gerejini, pembetatu ya mbele ilipumua vizuri. Ya nyuma ilisita.

Hapo ndipo ulipoanza ugumu. Mio ana akiba ya kufanya jambo moja tu: ama kuongeza nguvu, ama kuifungua injini na kuijenga upya. Yote mawili hayawezi. Tena yuko Nukui, mfanyabiashara wa magari yaliyokufa, ambaye alishamwambia, "Likikata roho nipigie, siku yoyote, popote. Nitakuja na lori."

Bi. Harue aliamua kwamba injini inayosita haihukumiwi gerejini. Itapandishwa milima katika joto la Septemba, ilale, irudi. Ikirudi na pumzi, watazungumza. Ikishindwa, Nukui ataitwa.

Bi. Harue ana miaka sitini na mitatu, na hakuanzia kwenye magari. Alianza kwa kutengeneza cherehani katika duka la mjomba wake. Siku moja mteja alileta cherehani ya mkewe, na alipotaka kuondoka gari lake likagoma mlangoni. Lilikuwa la rotari.

"Niliinama nikachungulia, nikaona hii ni cherehani iliyokasirika," anasema. "Kila kitu kinazunguka, kila kitu kinataka oili kidogo wakati wote, na ukiiharakisha kabla haijapata joto, inakukatia uzi."

Mumewe, Shozo, dereva mstaafu wa mabasi ya mji, alipanda gari la namna hiyo mara moja tu. Alisema linanuka kama jiko la mafuta ya taa. Tangu hapo huenda kwa baiskeli.

Mwezi mzuri humwachia Bi. Harue yeni laki tatu baada ya kulipia vipuri. Mwezi mbaya ni nusu ya hapo. Angepata zaidi kama angewapa vijana wanachokitaka, lakini wengi wao hufika mara moja na hawarudi.

"Wanataka presha. Mimi nawauzia maji," anasema, na kucheka peke yake.

Barabara inaanza kupanda baada ya mji mdogo wa Kake. Mio anakanyaga. Turbo ya kwanza, ndogo, inavuta mapema; baadaye kidogo ya pili inaamka, na mwandishi wa habari hizi, aliyekunjwa kiti cha nyuma pamoja na sanduku la spana anapigwa kisogo dirishani.

"Umesikia pale katikati, ilivyokaa kimya kidogo kabla ya ya pili kuamka?" anauliza Bi. Harue.

"Nimesikia. Ni kawaida?"

"Kidogo, kawaida. Kirefu hivyo, ni mpira wa hewa umepasuka. Humo chini kuna mipira myembamba imesokotana kama tambi. Ndiyo inayoziambia turbo lini ziamke na lini zilale. Imeiva kwa joto miaka na miaka, ukiigusa inavunjika kama biskuti. Halafu mtu anakuja kununua turbo mpya, kumbe angebadilisha tambi."

Juu ya dashibodi kuna geji ya joto la maji, ya kuazima, imebandikwa kwa gundi ya karatasi. Kadiri mlima unavyokaza, namba zinapanda. Tisini na nane. Mia moja na nne.

"Lakini mshale wa gari lenyewe uko katikati, Shangazi. Hauna wasiwasi."

"Mshale huo ni mtu wa adabu, hataki kukusumbua. Utakaa katikati hivyohivyo nyumba ikiungua, na siku utakapokuja kupanda ni kukuaga. Ndiyo maana kabla ya nguvu kuna geji, na kabla ya geji kuna rejeta."

Mia moja na nane.

"Washa hita."

"Hita? Na joto hili?"

"Washa! Yote! Fungua madirisha!"

Hewa ya moto inamwagika miguuni. Jasho linamtiririka Mio mpaka kidevuni, na Bi. Harue anajipepea kwa kofia huku akimwambia kwamba hita nayo ni rejeta ndogo, tena ya bure. Namba inasita, kisha inateremka. Kileleni, karibu na Geihoku, inasoma tisini na tisa. Wanasimama, lakini Bi. Harue hamruhusu kuzima. Injini inaachwa inavuma taratibu mpaka turbo zipoe, nao wanakula matonge ya wali wakiwa wamesimama.

Ni hapo Mio anapouliza kuhusu bomba la moshi. Rafiki zake kazini wanasema ndilo la kwanza kubadilishwa: weka bomba pana, toa vichujio vyote, gari liimbe.

"Liimbe nyimbo za msiba," anajibu Bi. Harue. "Sikiliza, mwanangu. Moshi ukipata njia pana, turbo inazunguka zaidi, na presha inapanda yenyewe bila wewe kugusa kitu. Hewa imeongezeka, petroli ni ileile. Ni sawa na kualika harusi nzima na sufuria moja ya wali. Wageni wakikosa chakula wanapigana, na kwenye rotari wanapopigana, kinachovunjika ni sili ya nchani, kale kaukanda ka chuma penye pembe. Kakivunjika kanachana ukuta, kanatokea kwenye moshi na kuua turbo njiani. Yote hiyo kwa sababu ulitaka sauti."

"Kwa hiyo bomba ni la mwisho?"

"Bomba linakuja pamoja na petroli ya kutosha na kompyuta ya injini iliyofundishwa upya. Siku moja, gereji moja. Si leo bomba, mwakani kompyuta."

Anahesabu kwa vidole vilivyoshika wali: maji, oili, hewa, petroli, ndipo presha. Kwenye maji kuna kikopo cha plastiki cha kutenga hewa, ambacho umri hukipasua. Kibadilishwe kwa cha alumini kabla ya kitu kingine chochote. Oili ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa kuwa injini hii huila kwa makusudi. Yeye mwenyewe humimina oili kidogo ya pikipiki kwenye tangi la petroli kila akijaza, ili zile sili zisisuguane kavu.

Jioni wanafika Asahi, kitongoji cha Hamada, kwenye nyumba ya wageni ya chemchemi ya maji moto. Gari limevuka milima. Mio anakunywa bia moja na kulala usingizi wa mtu aliyefaulu nusu ya mtihani.

Asubuhi, wakati Bi. Harue yuko kwenye bafu la maji moto, mwenye nyumba, Mama Sasada, anapiga magoti mlangoni kwa Mio.

"Samahani sana mgeni wetu, naona aibu hata kusema. Gari la samaki limefika, haliwezi kupita. Ungelisogeza hatua kidogo tu…"

"Mimi ndiye wa kuomba radhi," anasema Mio, na anashuka mbio na kandambili.

Nyumbani angesukuma. Lakini uwanja huu unapanda, na yuko peke yake. Basi anawasha. Injini baridi inanguruma chini ya vyumba ambamo wageni bado wamelala. Anarudi nyuma urefu wa gari moja na kuzima haraka, kabla mtu hajafungua dirisha. Dereva wa samaki anainamisha kichwa. Mio naye anainamisha. Kila mtu amefanya adabu yake.

Baada ya kifungua kinywa anajaribu tena kuwasha. Staata inazunguka kwa wepesi wa ajabu: wiiii, wiiii. Hakuna pff hata moja. Anajaribu mara nyingi, mpaka staata inaanza kuchoka.

Mio alikuwa amefundishwa vizuri: injini isiyopumua imekufa. Anakaa ndani ya gari kwa muda, mikono kwenye usukani. Kisha anampigia Nukui.

"Limekufa. Njoo ulichukue," anasema.

"Pole, dada. Natoka sasa hivi," anajibu Nukui.

Bi. Harue anatoka bafuni baadaye sana, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, taulo kichwani. Anamkuta Mio amekaa kwenye ngazi.

"Imekufa, Shangazi. Haipumui kabisa. Nimeshamwita Nukui."

"Umemwita nani? Hebu kwanza. Jana imelala nzima. Asubuhi umeigusa?"

"Nilisogeza tu. Kupisha samaki."

"Ukaacha ikavuma mpaka ikapata joto?"

"Watu walikuwa wamelala! Nilizima palepale."

Bi. Harue anacheka hadi taulo linaanguka.

"Wee mtoto! Haijafa hiyo. Imekaburi!"

Kwa sikio la Mswahili neno hilo ni msiba mtupu. Kwa Kijapani, kaburi ni kujifunika kitu kichwani, kama kofia, na mafundi wamelichukua kwa plagi zilizojifunika petroli. Rotari ikiwashwa baridi humwagiwa petroli nyingi. Ukiizima kabla haijaichoma, petroli inalowesha plagi na kuosha oili kwenye sili. Sili kavu haizibi, na isipoziba hakuna pumzi. Inasikika kama maiti, kumbe imelowa tu.

"Mbona hukunifundisha hilo?" Mio anauliza, na sauti yake sasa ina machozi.

Bi. Harue anaacha kucheka. "Kwa sababu kila mwenye rotari huadhibiwa nalo wiki ya kwanza, nikadhani wewe limeshakupata. Kumbe wewe husukuma. Kosa langu. Lete jeki."

Fyuzi ya pampu ya petroli inatolewa, petroli isizidi kuingia. Bi. Harue analala chini ya gari na yukata yake, kanzu nyepesi ya nyumba ya wageni, anatoa plagi zote nne na kuzipangusa, kisha anazituma jikoni kwa Mama Sasada. Mama Sasada anazipanga kwenye wavu wa kuchomea, kando ya samaki wa wageni.

"Hawa wanageuzwa baada ya muda gani?" anauliza, uso mkavu.

"Wakianza kunukia," anajibu Bi. Harue kutoka chini ya gari.

Oili kijiko kimoja inaingia kila tundu. Plagi zinarudi zikiwa bado za moto, zimeshikwa kwa kitambaa, na fyuzi inarudishwa. Betri imechoka, kwa hiyo wageni wanaitwa, na wote wanalisukuma gari kwenye mteremko wakiwa na nguo za kulalia: mwalimu mmoja mstaafu na mkewe, wachuuzi wawili wa dawa, na dereva wa samaki, ambaye alirudi aliposikia. Mio anaachia klachi.

Mlipuko wa kwanza unawatoa ndege mitini. Wa pili unatoa moshi mweupe, mzito, unaofunika uwanja, ngazi na nyumba yote mpaka ghorofa ya pili. Injini inakohoa, inapiga chafya, kisha inashika.

Katika moshi huo zinaonekana taa za lori la Nukui.

Nukui ni mtu wa miaka hamsini, mwembamba, anavaa kandambili za mpira hata akiendesha. Anashuka na minyororo mkononi.

"Bosi Mukaida," anasema. "Nimeitwa kwenye maziko, naona marehemu anaimba."

"Umechelewa. Nenda kazike kwingine."

"Mimi sikujileta. Niliitwa. Giaboksi yake nimeshaiuza njiani kwa simu."

Mio anasimama mbele yake na kuinama mpaka nywele zinagusa magoti.

"Ni kweli nilikuita, nikasema njoo uchukue. Neno langu halina kona. Ukitaka kulichukua, lichukue."

Bi. Harue anafungua mdomo, anaufunga. Gari ni lake Mio, na mdomo pia. Nukui anaangalia gari, anaangalia minyororo yake, na kwa muda anaonekana mtu anayepiga hesabu.

"Mimi hununua wafu," anasema mwishowe. "Nikichukua mzima kwa bei ya mfu, kesho jina langu liko kila gereji toka hapa mpaka Kure. Mpime. Mkikosa pumzi moja, napakia. Zikiwepo zote, narudi na hasira zangu."

Injini inaachwa mpaka ipate joto sawasawa. Plagi zinatolewa tena. Nukui anachuchumaa sikio likiwa karibu na bonde la tairi; Mio hawezi kutazama, ameupa uwanja mgongo. Staata inazunguka kwa betri ya lori la Nukui mwenyewe.

Mbele: pff, pff, pff.

Nyuma: pff, pff… pff.

"Mbele kijana, nyuma mzee," anasema Nukui, akijinyanyua.

"Mzee si maiti."

"Sikusema ni maiti." Anamgeukia Mio. "Dada, siku nyingine kabla ya kuniita, mguse kwanza kama bado ana joto."

Mio anataka kumlipia mafuta na ushuru wa barabara. Nukui anakataa mara mbili kama inavyotakiwa, mara ya tatu anapokea. Anakula samaki, anampigia simu mnunuzi wa giaboksi na kutukanwa mbele ya watu wote, kisha anaondoka na lori tupu.

Ndipo Bi. Harue anatoa hukumu, akifuta mikono.

"Gari ni lako, wala huuzi. Lakini presha haiongezwi."

"Hata kidogo, Shangazi?"

"Hata kidogo. Huyo wa nyuma ukimbebesha mzigo mpya, atavunjika kiuno. Weka rejeta, weka kikopo, badilisha tambi zote, funga geji yako mwenyewe. Pesa inayobaki usiiguse. Siku tutakapomfungua na kumjenga upya, uje tena na lile swali lako la farasi. Nitalijibu."

Walipokuwa wakirudi, karibu na Kake, Mio aliuliza rejeta ya alumini huagizwa wapi.

Hadi habari hizi zinaandikwa, umepita mwaka na miezi kadhaa. Gari bado linatembea kwa presha ya kiwandani, na joto la maji halijavuka tisini na tano. Mio amepandishwa cheo kwenye karakana, anafundisha wengine winchi, na akiba ya kujenga injini, iliyomegwa na rejeta na vipuri vingine, imefika nusu. Mama Sasada amezeeka miguu na nyumba ya wageni sasa inaendeshwa na binti yake. Dereva wa samaki alihamia Masuda. Nukui alipata giaboksi nyingine kwenye gari lililopinduka, akampa mnunuzi wake. Yeye na Bi. Harue husalimiana mnadani, hawaongei sana.

Bi. Harue amefunga gereji siku za Jumatano kwa ajili ya mgongo wake. Jumamosi asubuhi anawapokea wanaotaka kununua rotari kabla hawajalipa popote, na hawatozi. Wanakaa kwenye viti vya plastiki na yeye anaanza na maji. Mpango wake ni kuendelea hivyo mpaka atimize sabini, kisha aiuze gereji na kurudi kwenye cherehani. Shozo anasema haamini.